Jioni Tulizofunga Mlango

Mimi ni fundi cherehani wa Chapwa, lakini mtaani sijulikani kwa ushonaji. Najulikana kwa kukaa ndani. Wenzangu wa Tunduma wanaamka wanavuka kwenda Nakonde, wanauza, wananunua, wanarudi jioni na Kibemba mdomoni na vumbi miguuni. Mimi nimekulia karibu na mpaka kiasi cha kusikia honi za malori yanayosubiri kuvuka, na Zambia naifahamu kwa honi hizo. Jirani yangu Mzee Rajabu ndiye aliyenipa jina la Mwali. Kila asubuhi alichungulia juu ya uzio wa mabanzi akaniuliza, "Mwali, bado hujatolewa nje?"

"Mwenye kunitoa hajafika," namjibu.

"Na huyo Mama Tumaini amekuoa au amekufuga?"

Alasiri ya mwisho ya siku za kawaida nilikuwa barazani nashona majoho ya kwaya yetu, ya rangi ya damu ya mzee, yenye kola nyeupe. Mke wangu alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Binti yetu Tumaini alikuwa shule ya bweni, huko Mbozi, na namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Akaja bibi harusi mtarajiwa kujaribu gauni. Aliingia nyuma ya pazia, pale kwenye kona yangu ya kupimia nguo, akatoka anatabasamu. Nikamwambia limemkaa vizuri mno. Mama Tumaini akainua macho kutoka kwenye maharage.

"Mwanangu, limekubana. Ukikaa mezani litapasuka, na mume wangu anajua."

Ndivyo alivyo. Mke wangu hasemi uongo. Hasemi hata ule mdogo wa biashara, ambao mafundi wote tunauhesabu kama sehemu ya uzi. Nimepoteza wateja kwa sababu ya kinywa chake, na wengine nimewapata kwa sababu hiyo hiyo, ila waliopotea ndio ninaowakumbuka. Mtaani watu wakigombana kuhusu nani alisema nini, wanakuja kumuuliza yeye. Wanasema, "Twende kwa Mama Tumaini, yule hajui kupindisha."

Na ana desturi nyingine, aliyotoka nayo kwao Mbozi, kwenye mashamba ya kahawa. Sala ya jioni inasaliwa mlango ukiwa wazi. Baba mkwe alikuwa akisema kwamba mtu anayefunga mlango ili aombe, kuna jambo anamficha jirani yake, na huenda anamficha na Mungu. Basi kila jua likishuka, Mama Tumaini anafungua mlango wa mbele mpaka mwisho, anauzuia na jiwe, anaimba wimbo mmoja, tunasoma Neno, halafu anaomba kwa sauti, akitaja wagonjwa, wasafiri, Tumaini, ng'ombe wa kaka yake, na majirani. Sauti yake si ndogo. Wanawake wa mtaa wetu walikuwa wakisikia wimbo ule wanainjika maji ya ugali.

Mzee Rajabu alikuwa akilalamika kila siku. Yeye ni mtu wa Tanga, alikuja na malori ujanani, akabaki, akawa anauza spea. Mkewe alifariki zamani, anaishi peke yake na kuku wake. Nikimsikia kwenye uzio najua kinachokuja.

"Mama Tumaini! Mungu si kiziwi!"

"Simwimbii Mungu peke yake, Mzee. Nakuimbia na wewe."

"Basi mimi nimeshasikia. Punguza."

Jioni ile naye alisema hivyo hivyo, na mke wangu akajibu hivyo hivyo, nikakunja majoho nikaingia ndani. Sikujua kwamba ningekuja kuikumbuka.

Kesho yake asubuhi nilisikia milio upande wa barabara kuu. Nilidhani ni mtu anapigilia mabati. Kisha nikaona watu wanakimbia, na mtu anayepigilia mabati hakimbizi watu.

Chanzo chake kila mtu anacho cha kwake, na wanaokijua vizuri hawakai barazani kukieleza. Mimi nilichokiona nilikionea dirishani, na dirisha langu ni dogo. Niliona moshi mweusi wa matairi. Niliona malori yamesimama hayana madereva. Mchana likapita gari lenye kipaza sauti likiamuru watu wote wakae ndani, na atakayeonekana nje shauri yake. Mtandao wa simu ukakatika. Mzee Rajabu akaniita kutoka uani kwake.

"Mwali! Leo mji mzima umekuwa mwali!"

Nilicheka. Kusema kweli, kwa saa chache za mwanzo nilijiona mtaalamu. Watu walikuwa wanahangaika hawajui kukaa ndani kunafanywaje, na mimi nilikuwa nimeshajifunza kazi hiyo kwa miaka mingi.

Yule mtu alikuja alasiri. Alipita nyuma, kwenye mgomba, akaanguka mlangoni kwa jikoni. Alikuwa ameshika shavu la mguu wake na damu inapita katikati ya vidole. Alikuwa mwanaume wa makamo, shati safi, viatu vya ngozi. Akasema, "Mama, nisaidie kwa jina la Yesu."

Hapo ndipo mashaka yangu yalipoanza, na sijui kama yamekwisha. Nilijiuliza amejuaje kwamba hapa jina hilo linafungua mlango. Labda aliona kibao chetu cha mstari wa Biblia juu ya mlango wa mbele. Lakini yeye alipita nyuma.

Mama Tumaini hakujiuliza. Alimvuta ndani, akaosha jeraha kwa maji ya chumvi, akatazama mezani kwangu, akachukua kola nyeupe ya joho la kwaya akamfunga nayo. Risasi ilikuwa imepita bila kukaa. Tukamlaza kwenye kona ya kupimia nguo, nyuma ya pazia, juu ya magunia.

Alisema anaitwa Elia na anachimba dhahabu Saza. Nikamtazama mikono. Wachimbaji wa Saza nawashonea suruali, mikono yao naijua, ukishikana nayo ni kama umeshika gome la mti. Mikono ya Elia ilikuwa laini kama ya kwangu, na ya kwangu ni ya mtu anayekaa kivulini.

Nilimvuta mke wangu jikoni. "Huyu si mchimbaji."

"Nimeona."

"Anadanganya."

"Anaogopa."

"Na kama ametumwa? Kama wanataka kujua nani anaficha watu?"

Akakoroga uji bila kunitazama. "Yule mtu wa njia ya Yeriko, Baba Tumaini, aliulizwa anafanya kazi gani?"

Ukioa mtu wa aina hii, ugomvi unakuwa mfupi.

Jua likashuka. Mama Tumaini akaenda kwenye mlango wa mbele kama kawaida, akashika jiwe. Nikamshika mkono. Nikamwambia barazani kwetu mtu akisimama anaona pazia. Nikamwambia usiku huu tuombe chini chini, Mungu atatuelewa. Alisimama na lile jiwe mkononi muda mrefu. Kisha akaliweka chini, akafunga mlango, akatia komeo.

Tuliomba kwa kunong'ona, sisi watatu. Elia hakufumba macho. Najua kwa sababu na mimi sikufumba.

Siku zilizofuata zilifanana. Milio ilikuwa inakuja na kuondoka. Asubuhi waliruhusu watu wachote maji kwa muda mfupi, na hapo ndipo habari zilipogawanywa, kwa midomo isiyofunguka sana. Ilisemwa kuna wanaume wenye bunduki wanapita nyumba kwa nyumba, wengine na sare, wengine na makoti ya kawaida. Ilisemwa wanatafuta waliojeruhiwa, kwa kuwa jeraha ni ushahidi wa kuwa ulikuwepo. Ilisemwa kuna watu wa mtaani wanaowaonyesha nyumba. Nani? Hapo kila mtu aliinama akatazama ndoo yake.

Watu waliokuwa wakiazimana chumvi wakaanza kuhesabiana masufuria. Ukipika kingi unaulizwa unamlisha nani. Ukianika kitambaa chenye doa, kuna jicho. Mimi nilianza kumtilia shaka hata mjumbe wetu wa mtaa, mzee mpole anayenuka tumbaku, kwa sababu tu alinisalimia mara mbili.

Lakini niliyemtilia shaka zaidi ni Mzee Rajabu. Nilimwona kutoka dirishani. Gari la wale watu wenye bunduki lilikuwa limekwama karibu na duka lake, na yeye alikuwa ameinama chini ya boneti lake, anawafungia mkanda wa feni. Akawapa na maji ya kunywa. Walimpigapiga bega.

Alasiri yake akaja uani kwetu, akapita kwenye banzi lililolegea. Hakuwahi kupita hapo tangu tujuane. Siku zote alizunguka mbele, akabisha hodi kwa heshima. Nilisimama mlangoni nikaujaza kwa mwili wangu wote, ambao si mwingi.

"Mwali, mkeo anaumwa?"

"Hapana, Mzee. Mzima."

"Basi nani anaumwa?"

"Hakuna."

Alinitazama. Akateremsha sauti. "Mbona haimbi?"

Nikatazama mgomba.

"Miaka yote namwambia apunguze, hapunguzi. Mvua inanyesha anaimba. Tumaini alipougua aliimba. Leo jioni ya ngapi, mlango umefungwa, kimya. Unadhani mtaa haujasikia? Nyumba hii ikinyamaza, kila mtu anageuza shingo."

"Tunaogopa risasi, Mzee."

"Kila mtu anaogopa risasi. Lakini ninyi mmenyamaza kabla risasi hazijafika mtaa huu." Akasogea. "Fungueni mlango. Imbeni. Na kama kuna mzigo humu ndani, upitisheni hapa kwenye banzi. Mimi wananiona mtu wao, nimewatengenezea gari. Kwangu hawatafuti."

Mimi nilisikia neno moja tu katika yote hayo. Mzigo. Amejuaje kama kuna mzigo?

"Hatuna mzigo," nikamwambia.

"Haya," akasema. "Sikulazimishi." Akarudi kwenye banzi lake, akalirudisha taratibu mpaka likakaa.

Nilimweleza mke wangu. Nilimwambia ni mtego, ameshawatengenezea gari, sasa anawatafutia abiria. Mama Tumaini akasema tulikuwa tumekosea. Si kuhusu Rajabu. Kuhusu mlango. Watu wanaoomba wazi maisha yao yote hawawezi kufunga siku moja na wasionekane. Ni kama jogoo asiwike halafu useme mtaa haujatambua.

Jioni ile alifungua mlango, akauzuia kwa jiwe, akaanza wimbo. Sauti haikutoka. Kilichotoka kilikuwa kama mlio wa mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Akajaribu tena. Alifika ubeti wa kwanza, akakohoa, akafunga mlango.

Asubuhi walikuja.

Nilisikia buti kwenye changarawe. Elia alikuwa nyuma ya pazia. Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Mama Tumaini akatoka mlangoni akasimama.

Mjumbe alikuwa mbele, kofia mkononi. Nyuma yake wanaume watano au sita. Mkubwa wao hakuwa na sare, alikuwa na koti la mvua, na alisalimia vizuri kuliko wote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bwana asifiwe."

"Tunatafuta mtu. Kuna majeruhi aliingia safu hii ya nyumba. Tuna uhakika."

Mke wangu akamtazama mjumbe.

Mjumbe akamgeukia yule mkubwa. Alisema alichosema kwa nia njema, nina hakika, kwa kuwa alitaka waondoke. "Mkuu, hapa hamna haja ya kupekua. Muulizeni tu. Mama huyu hadanganyi. Muulizeni yeyote Chapwa hii."

Yule mtu akatabasamu. "Kweli mama?"

"Wanasema hivyo," akajibu mke wangu.

"Basi sitaingia. Neno lako linanitosha. Kuna mtu humu?"

Mguu wangu ulikuwa kwenye kanyagio. Nilikanyaga. Nilishona.

Nyuma ya pazia palikuwa na pumzi.

Mama Tumaini akasema, "Hakuna mtu."

Yule mkubwa akaitikia kwa kichwa. Nilidhani imekwisha. Lakini alivua kofia yake.

"Mama, na sisi tumeacha watoto nyumbani. Tuombee kabla hatujaendelea."

Wale wengine wakainamisha vichwa, bunduki zimening'inia. Mama Tumaini alinyoosha mikono yake. Hakufumba macho. Ile sauti iliyokataa jioni ikarudi yote.

"Baba, unawaona wote waliosimama mlangoni na wote waliomo ndani ya nyumba hii. Walinde wote. Asimwage mtu damu leo. Amina."

"Amina," wakasema.

Wote waliomo ndani. Nilidhani roho yangu imeshuka na kwenda zake peke yake.

Yule mkubwa akavaa kofia, akatazama upande wa uzio. Akasema polepole, kama mtu anayepiga hesabu ndogo, "Basi kama si hapa, ni hapo."

Wakaenda kwa Mzee Rajabu.

Hawakumkuta na mtu. Walipindua nyumba, tulisikia vyombo. Walikuta matambara yenye mafuta mekundu ya magari, wakasema ni damu. Walikuta banzi lililolegea. Walimuuliza nani anapita hapo. Sikusikia jibu lake.

Walimtoa akiwa na kanzu ya nyumbani na kandambili moja. Walipompitisha mbele ya baraza letu alituangalia. Alimwangalia mke wangu kwanza, kisha mimi, kisha kwa kitambo kidogo sana, pazia lililoonekana nyuma yangu.

Alijua. Angenyoosha kidole tu.

"Mwali," akasema, "kuku wangu hawajala."

Wakampakia kwenye lile gari alilowafungia mkanda wa feni.

Nilipotazama kazi yangu, nilikuwa nimeshona joho zima la kwaya bila uzi kwenye sindano. Mashimo tu, yamepangwa vizuri.

Kesho yake walitoa ruhusa ya mazishi. Mama mzazi wa mwalimu wa kwaya alikuwa amekufa kwa uzee wake, hata vita vina watu wanaokufa kwa utaratibu, na makaburi yako upande wa kwenda Mpemba, ng'ambo ya kizuizi walichoweka barabarani wale wenye bunduki. Mama Tumaini alimvika Elia joho. Mwalimu wa kwaya alipomwona mtu asiyemjua katikati ya watu wake, alimsogelea.

"Wewe sauti gani?"

"Bezi," akasema Elia.

Mwalimu akamtazama mguu. Akatazama kola ya joho, ambayo haikuwepo. "Bezi wanaongea kidogo," akasema. "Shika msalaba, utangulie."

Kwa hiyo alibeba msalaba wa mbao wa kaburi la bibi yule, akauegemea kama fimbo, akapita kizuizini mbele ya kwaya nzima ikiimba. Mimi sijasoma uchungaji, lakini hata mimi niliona hiyo ni picha nzito. Mama Tumaini aliona fimbo tu. Mchanga ulipokuwa ukifukiwa nilimtafuta kwa macho. Hakuwepo. Msalaba ulikuwa umelazwa vizuri juu ya nyasi.

Mpaka leo sijui tulimficha nani. Hajarudi, hajapiga simu, hajatuma salamu. Huenda alikuwa mtu mwema. Huenda alifanya jambo ambalo ningelijua nisingempa hata uzi. Na yule aliyewaambia wale watu kwamba majeruhi yuko safu yetu, naye simjui. Nimemshuku kila mtu kwa zamu. Pengine hakuna aliyesema. Pengine walisikiliza tu, wakasikia nyumba isiyoimba.

Milio ilikwisha, mtandao ukarudi, malori yakavuka. Watu wakaanza kusalimiana tena, ila macho yalitangulia mkono. Nililisha wale kuku kila siku, nikitoka nje ya uzio wangu mara mbili, asubuhi na jioni. Kwa mtu kama mimi hiyo ni safari.

Mzee Rajabu alirudi baada ya wiki kadhaa. Alishushwa barabarani, akaja kwa miguu. Alikuwa amekonda, anatembea kama mtu anayepita kwenye utelezi. Nilimwita kutoka nyuma hakugeuka. Sikio lake la kulia walikuwa wamelipiga mpaka likafa, na la kushoto lilikuwa linasikia kwa shida. Hakutueleza zaidi, nasi hatukuuliza. Aliuliza kuku. Nikamwambia mmoja amekufa kwa ugonjwa wa kideri. Akasema, "Mwali, nilikuachia kazi moja tu."

Nyumbani kwetu mlango ulikuwa unafungwa mapema. Mama Tumaini aliomba, lakini midomo tu ilicheza. Nikimuuliza, anasema sauti imekataa.

Kisha kanisani ikatangazwa Jumapili ya shukrani. Watu walisimama mmoja mmoja. Huyu alisema risasi ilipita karibu na sikio lake, yule alisema walipita mlango wake kama hawauoni. Haleluya zilikuwa nyingi. Mzee wa kanisa mmoja akasema, "Hata kwa Mama Tumaini walifika, na Bwana akawafumba macho! Mama, njoo utoe ushuhuda."

Nilimshika gauni. Siku hizo kila kusanyiko lilikuwa na masikio ambayo hayakuja kuabudu, na kila mtu alijua. Alinitoa vidole taratibu, akaenda mbele.

"Bwana asifiwe. Mmesikia Mungu aliwafumba macho wale watu. Hakuwafumba. Waliniuliza kama kuna mtu, nikasema hakuna, na mtu alikuwepo. Waliniamini kwa sababu ninyi mmesema miaka yote kwamba sidanganyi. Wakatoka kwangu wakaenda kwa Mzee Rajabu. Yeye alijua, na hakusema. Mimi nimekaa na hilo nyumbani, siwezi kuliimba. Kwa hiyo anayepaswa kusimama hapa leo si mimi. Ni yeye, naye si wa kanisa hili."

Akarudi akakaa.

Hakuna aliyesema amina. Watu walitazama madirisha. Mchungaji alikohoa, akatafuta wimbo, na wimbo haukupatikana haraka. Baada ya ibada walitupisha njia, kama watu waliobeba kitu kinachovuja. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijakata. Mmoja aliniambia mke wangu ni jasiri. Alisema hivyo huku akiangalia nyuma yake.

Hakuna aliyekuja kutuchukua. Lakini hata sasa gari likipunguza mwendo mbele ya nyumba, mguu wangu unaacha kanyagio wenyewe.

Jioni ya Jumapili ile Mzee Rajabu alizunguka mbele, akabisha hodi kama zamani. Mama Tumaini akasimama.

"Nasikia umenitaja kanisani."

"Nimekutaja, Mzee."

Akageuza sikio la kushoto. "Eh?"

"Nimekutaja!"

"Kwa jina?"

"Kwa jina!"

"Wakaitikia amina?"

"Hawakusema kitu."

"Basi sijapokelewa," akasema, akacheka kidogo, akashika ukuta. Mke wangu hakucheka. Alianza kusema neno, nadhani lilikuwa nisamehe, lakini mzee alipunga mkono kama anayefukuza kuku.

"Hilo tutaliongea siku nyingine, au tusiliongee. Nimekuja na shida. Hili la kulia limekufa. La kushoto, nikikaa kwenye kiti changu barazani, linatazama mlango wenu. Jioni nakaa pale nangoja. Kimya. Nyumba yenu iko kama siku zile za milio." Akagusa sikio la kushoto. "Zamani nilikwambia upunguze. Sasa nakuomba uongeze."

Akaenda zake, taratibu, mkono kwenye uzio.

Jua liliposhuka, Mama Tumaini alifungua mlango mpaka mwisho. Jiwe lilikuwa pale pale alipoliacha, akalisogeza kwa mguu. Aliimba. Sauti ilikwama mwanzoni, akaisukuma, ikatoka, ikajaza baraza na kuvuka uzio. Niliona taa ya jirani wa mbele inawaka. Mtu alifungua dirisha. Sikujua kama ni kwa furaha au kwa kuchunguza, na sijajua bado. Alifika ubeti wa pili, machozi yanatiririka, sauti haitetemeki.

Ndipo ng'ambo ya uzio Mzee Rajabu akauliza, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe:

"Mama Tumaini! Mmeshaanza?"

Mke wangu akanyamaza. Akabeba kiti chake, akakisogeza nje ya kizingiti, karibu na mabanzi, akakaa.

Akaanza upya.